Michoro ya Kolo ipo miaka na miaka, yangu ya udongo na yai imebanduka ndani ya wiki mbili. Nakosea wapi?

#1 Mchora Ukuta
Wakuu heshima kwenu, niende kwenye mada.

Mwezi wa tisa nilienda Kondoa kwenye harusi ya binamu yangu, siku ya kurudi tukapitia Kolo tukapanda kuangalia michoro ya miambani. Aisee. Kuna watu warefu wembamba vichwa vyao kama wamesukwa mabutu, kuna twiga, kuna pofu, vyote rangi nyekundu, halafu juu yake kuna mingine myeupe minene. Mtembeza wageni akasema nyekundu ni za wawindaji wa kale na nyeupe zimekuja baadaye na wakulima, na kwamba huo utamaduni wa kuchora pale una miaka elfu mbili au zaidi.

Narudi zangu Kimara kichwa kinawaka. Nilikuwa nimechota udongo mwekundu nikatia kwenye mfuko wa rambo, nikautwanga kwenye kinu cha mama watoto (kesi bado inaendelea), nikachekecha na chujio la chai, nikachanganya na yai zima, nikachora twiga kwenye jiwe kubwa lililopo nje ya geti. Wiki ya kwanza majirani wanapiga nalo picha. Mvua za vuli zikaja mara mbili tu, twiga kabaki miguu.

Swali langu dogo. Mtu ambaye hana brashi ya dukani wala intaneti kachora na ipo mpaka leo, mimi na yai langu la tray nimeshindwa wiki mbili. Wale wazee walichanganya na nini? Naomba kuwasilisha.

#2 Karanga Mbichi
Nimeweka kambi hapa, wajuvi waje.

#3 Babu Tale
Mafuta ya mnyama na damu, hamna siri hapo. Wamasai mpaka leo wanachanganya udongo mwekundu na mafuta wanajipaka na haitoki hovyo. Yai ni mambo ya wazungu. Uzi umeisha, fungeni.

#4 Mwalimu wa Zamu
Mzee Tale usifunge uzi mapema hivyo. Mimi nafundisha kemia. Mafuta ya ng'ombe hayakauki, yanaganda tu kwa baridi na yakipata jua yanalainika tena. Mafuta yanayokauka kweli ni yale yanayovuta oksijeni hewani yakashikana yakawa ngozi ngumu, mfano mafuta ya kitani ambayo wachoraji wa Ulaya walitumia sana. Alizeti inakauka nusu nusu na inachukua muda. Nazi ndo usahau kabisa, chora leo mjukuu wako atakuja kuigusa bado inateleza.

Na hao Wamasai wanapaka upya kila mara, sasa huo ushahidi wa kudumu uko wapi?

#5 Babu Tale
Mwalimu mimi nimesema damu NA mafuta. Soma vizuri kabla hujatoa zero.

#6 Bint Pugu
Jamani mbona mnaenda mbali. Mleta mada kachora jiwe la nje, mvua inalipiga, jua la mchana linalipiga, mbuzi wa jirani anajikuna. Kule Kolo michoro ipo chini ya mwamba uliotoka nje kama kibaraza, mvua haifiki. Mpeleke twiga wako barazani kwanza ndo ulalamike.

#7 Mchora Ukuta
Bint Pugu umenichoma ila umesema kweli. Lakini kuna kitu sikuandika. Nilichora na kingine kwenye plaiwudi, kipo sebuleni juu ya kabati, hakijawahi kuona tone la maji. Nikipitisha kidole natoka na unga mwekundu, na pembeni kimeanza kupasuka vipande kama magamba ya samaki. Hapo mvua inaingiaje?

#8 Shangazi Brashi
Habari zenu. Hapa naomba niongee kidogo maana tempera ya yai (rangi ya unga inayoshikwa na yai) nimeichezea miaka kadhaa na nimeharibu mbao nyingi kuliko nilizopatia.

Mdogo wangu Mchora Ukuta una makosa matatu. La kwanza umetia yai zima. Ute weka pembeni, unataka kiini peke yake. Unakitenga, unakigeuza geuza toka kiganja kimoja kwenda kingine huku unafuta mkono mpaka kikauke juu, halafu unakishika kwa ile ngozi yake na vidole viwili, unakitoboa chini, kile cha ndani kinadondokea kwenye kikombe, ngozi unatupa. Unaongeza maji kidogo. Usipotoa ile ngozi utapata vinyuzinyuzi kwenye rangi na hutajua vimetoka wapi.

La pili, chujio la chai halitoshi. Udongo wako una mchanga, na mchanga haushikwi na yai. Udongo unaoshwa. Weka kwenye ndoo, jaza maji, koroga kwa nguvu, subiri kidogo mchanga ushuke, halafu yale maji mekundu ya juu mimina ndoo ya pili. Rudia. Ni kama unavyokamua tui, sema hapa tui la kwanza ndo baya. Maji ya mwisho yaache yalale siku mbili yatue, mwaga ya juu, kilichobaki chini ni laini kama poda ya mtoto. Hiyo ndo rangi, bado utaisaga tena na maji kwenye kioo.

La tatu plaiwudi yako nadhani ina vanishi. Tempera inataka kitu kigumu kinachonyonya. Juu ya vanishi itapasuka tu hata ungesoma dua. Kipimo changu ni rangi iliyolowa kijiko kimoja kwa kiini kijiko kimoja, halafu najaribu kwenye kipande cha kioo. Ikikauka nikaikwangua ikatoka kama ngozi, sawa. Ikitoka unga, ongeza yai.

Kingine cha kuchekesha. Kuna Mtaliano Cennino Cennini aliandika maelekezo ya uchoraji miaka ya 1400 hivi, anasema uso wa kijana tumia kiini cha kuku wa mjini maana kimepauka, kiini cha kuku wa shamba ni chekundu kinafaa kwa nyuso za wazee. Niliposoma nikacheka peke yangu, nikaona kumbe ugomvi wa kisasa na kienyeji ni wa kale.

#9 Karanga Mbichi
Kwa hiyo mtu nanunua yai la kienyeji mia tano halafu sili, napaka ubao. Dar hii hii yenye njaa.

#10 Mwalimu wa Zamu
Shangazi shule nzuri sana, ila nirekebishe kidogo. Miaka hiyo hakukuwa na kuku wa kisasa, wote walikuwa kienyeji, tofauti ni chakula. Wa shamba anakula majani na wadudu, ndo hiyo rangi ya machungwa inatoka huko. Na rangi hiyo ya kiini inapauka ikikaa kwenye mwanga. Kwa hiyo picha ikishakaa, yai la kisasa na la kienyeji litakuwa mle mle.

#11 Shangazi Brashi
Mwalimu nakubali kuhusu kuku. Kwenye bluu na nyeupe bado naona tofauti siku za mwanzo, mteja akija siku ya tatu hakusubiri ipauke.

#12 Kilindini Kavu
Mimi naona mnajadili swali lenyewe likiwa limekaa upande. Mnauliza walichanganya nini ikadumu. Nani kasema yote ilidumu? Labda walichora mara mia, tisini na tano ilibanduka kama ya huyu bwana wa Kimara, sisi tunaona tano zilizobahatika kukaa mahali pakavu. Hata kule yenyewe UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006 wakasema mapango zaidi ya 150 kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336. Eneo lote hilo, unadhani kila aliyechora alikuwa fundi?

#13 Bint Pugu
Kilindini hilo nimelipenda. Ni kama watu wanaosema nyumba za zamani zilikuwa imara, kumbe mbovu zilishaanguka hawakuziona.

#14 Fundi Chokaa
Salaam. Nimejenga kwa chokaa toka naitwa kibarua, Bagamoyo mpaka Kilwa kwenye ukarabati. Naona mmesahau kwamba rangi haihitaji gundi kama ukuta wenyewe ni gundi.

Chokaa ya pwani ilitoka kwenye matumbawe. Unapanga magogo, mawe ya matumbawe juu, unachoma. Likiiva jiwe linakuwa jepesi, ukilimwagia maji linachemka lenyewe (usikae karibu, jicho likiingia chokaa mbichi ni hospitali moja kwa moja). Ile chokaa ikipakwa ukutani inavuta hewa inarudi kuwa jiwe. Sasa ukipaka udongo mwekundu uliotiwa maji matupu juu ya lipu ya chokaa ambayo bado mbichi, ile rangi inafungiwa humo humo wakati lipu inageuka jiwe. Hamna yai hamna damu. Waitalia ndo walivyochora makanisa yao. Huku kwetu wazee zaidi walichonga, pale Kilwa kuna majahazi yamekwaruzwa kwenye lipu za kale na yanaonekana hadi leo.

Angalizo, sio kila rangi inavumilia chokaa. Udongo mwekundu, wa njano, masizi, hizo sawa. Manjano ya jikoni ukiweka kwenye chokaa inageuka kahawia nyekundu hapo hapo.

#15 Kilindini Kavu
Fundi mbona Kolo hakuna chokaa wala lipu? Pale ni mwamba mtupu.

#16 Fundi Chokaa
Najua. Ila mwamba nao unatoa jasho. Maji yanapita ndani ya jiwe yanatoka na madini, yakikauka yanaacha utando mwembamba juu. Miaka ikipita rangi inakuwa chini ya ule utando kama picha iliyopigwa lamineshen. Mimi ndo ninavyoamini, gundi ya mwanzo labda ilishakufa zamani kazi ikachukuliwa na jiwe.

#17 Mwalimu wa Zamu
Utando upo kwenye maeneo mengi ya michoro ya miambani duniani, hilo halina ubishi. Lakini huo huo utando unaweza kuficha mchoro ukaupoteza kabisa, au ukabanduka nao. Kwa hiyo sio rafiki siku zote. Halafu nani aliishikilia rangi hiyo miaka ya mwanzo kabla jasho halijakauka? Turudi kwa gundi tu.

#18 Babu Tale
DAMU.

#19 Mjukuu wa Maalim
Nawasalimu. Mimi sio mchoraji ila mada imenikumbusha marehemu babu yangu, alikuwa na chuo cha Kurani Ilala nyumbani kwake. Wino alikuwa anatengeneza mwenyewe. Koroboi anaiwasha anaifunika na sahani ya bati iliyoinamishwa, masizi yanajikusanya juu, anayakwangua na manyoya, anachanganya na gundi ya mgunga aliyoiloweka usiku, anasaga mpaka inang'aa. Kalamu ya tete anaichonga mwenyewe kwa kisu kidogo ambacho hatukuruhusiwa kukigusa hata kwa kukiangalia sana.

Lakini alikuwa na wino wa pili. Wa kombe. Zafarani na marashi, anaandika aya kwenye sahani nyeupe, halafu anaiosha kwa maji mgonjwa anakunywa. Nilimuuliza kwa nini hatumii ule mweusi, akanijibu huu umeandikwa utoke, ule umeandikwa ukae, usimpe mtu masizi anywe.

Ndo nikawa nawaza, huko Kolo mna uhakika wote walitaka ikae? Nasikia watu wa pale wanaenda kufanya matambiko mpaka leo. Labda kuchora ndo kulikuwa kazi yenyewe, kama kombe, kukaa kukaja bahati mbaya.

#20 Karanga Mbichi
Nimeacha kutafuna. Mjukuu wa Maalim endelea.

#21 Shangazi Brashi
Ahsante sana Mjukuu. Hiyo ya masizi na gundi ni wino ule ule wa kitabu, na masizi hayapauki kwa jua. Zafarani inapauka, na manjano ndo zaidi. Niliwahi kumchorea mtu machweo kwa manjano ya Kariakoo, miezi mitatu dirishani machweo yakawa mawingu. Alitaka hela yake.

#22 Mkandaa
Mkitaka wino mweusi wa asili bila kuwasha koroboi, chemsha magome ya mkandaa (au magome ya miwati kama upo Njombe) upate maji ya kahawia mazito. Pembeni misumari yenye kutu iloweke kwenye siki wiki moja. Changanya viwili hivyo, inageuka nyeusi mbele ya macho yako. Tia gundi ya mgunga iwe nzito. Ulaya waliandikia wino wa ukoo huo mamia ya miaka, wao walitumia vivimbe vya mti wa mwaloni badala ya magome.

Ubaya wake unakula karatasi. Ukizidisha chuma, baada ya miaka herufi zinakuwa matundu.

#23 Dogo Janja wa Mwenge
Mbona mnahangaika, mzee Tingatinga alichora na rangi za asili na picha zake ziko makumbusho za nje. Ulizeni wajukuu zake pale Oysterbay.

#24 Bint Pugu
Dogo hiyo chai. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na alitumia rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli juu ya hadibodi. Ndo maana zinang'aa vile. Alifariki 1972. Rangi ya asili wapi na wapi.

#25 Dogo Janja wa Mwenge
Sawa dada nimekuelewa, sio kwa ukali huo.

#26 Mtwara Kwanza
Kwenye mafuta yanayokauka mbona hamjataja maganda ya korosho? Yale mafuta yake yanatengenezewa mpaka vanishi. Nilijaribu kuyakamua mwenyewe nichanganye na udongo, mikono ikaungua ikatoka malengelenge nikala kwa kijiko wiki nzima. Msijaribu.

#27 Mwalimu wa Zamu
Umeyataja na umeshatuonyesha kwa nini hatukuyataja. Na humu kuna vijana, mtu asije akasoma kwamba weupe wa Ulaya ulitoka kwenye risasi iliyowekwa kwenye mvuke wa siki akaenda kuvunja betri ya gari. Ni sumu. Weupe tunao, udongo wa Pugu pale Kisarawe ni kaolini safi, au chokaa.

#28 Karanga Mbichi
Huo udongo wa Pugu ndo ule wake zetu wanatafuna wakiwa wajawazito?

#29 Bint Pugu
Sio kila udongo mweupe ni wa kula kaka, na sio kila mwanamke anakula udongo. Ila nimecheka.

#30 Shangazi Brashi
Tukiwa kwenye jikoni, Mchora Ukuta ubao wako uutengeneze hivi. Unajua supu ya makongoro ikilala inaganda kama jeli? Hiyo jeli ndo gundi ya ngozi, tofauti ni chumvi na mafuta. Chukua vipande vya ngozi kwa bucha, osha, loweka, pasha moto mdogo muda mrefu, usiache ichemke maana nguvu inakufa. Chuja. Tia unga wa chokaa ya ubaoni au jasi. Ukitumia jasi ya mafundi wa dari ujue inaganda ghafla, wazee wa Italia walikuwa wanaiweka kwenye maji mengi wanaikoroga kila siku mwezi mzima mpaka inasahau kuganda. Paka tabaka sita, saba, piga msasa. Hapo tempera haitoki unga.

#31 Mama Mtindi
Mie mfugaji Kibaha, sina elimu yenu. Bibi yangu alipaka nyumba kwa maziwa yaliyoganda na chokaa na udongo. Ilikuwa haitoki hata ukifuta na kitambaa kibichi.

#32 Mwalimu wa Zamu
Mama hiyo ni elimu tosha. Protini ya maziwa ikikutana na chokaa inakuwa gundi isiyoyeyuka kirahisi kwa maji. Mimi kura yangu naipeleka huko kwa jiwe la nje.

#33 Fundi Chokaa
Kura iko kwenye chokaa hiyo, maziwa yamesindikiza.

#34 Mchora Ukuta
Wakuu mrejesho kama nilivyoahidi inbox. Nilichukua vipande vya tofali la kuchoma na mawe ya kawaida, nikaosha udongo kama Shangazi alivyosema (ndoo tatu, mabomba yameziba) nikapaka kwa namna tano, nikaviweka juu ya paa la banda mwezi na nusu.

Yai zima: limetoka kote. Kiini peke yake: kwenye tofali limebaki kiasi, kwenye jiwe limetoka, na kipande nilichokiacha ndani kimeota ukungu kwa pembeni, joto la Dar hili. Mafuta ya ng'ombe: sisimizi walikula, sitanii. Mtindi na chokaa: kwenye tofali halijatikisika, kwenye jiwe laini limebanduka kipande kizima kama ganda la yai.

Sasa kinachonisumbua ni cha tano. Udongo ulioshwa na maji matupu, nikausugua na kidole kwenye jiwe lenye chembe chembe, bila gundi yoyote. Rangi ya juu iliondoka mvua ya kwanza, lakini iliyoingia kwenye vitundu imekataa. Nimepiga na brashi ya viatu, ipo. Imepauka ila twiga anaonekana ni twiga.

#35 Kilindini Kavu
Kwa hiyo jiwe ndo linachagua. Nilisema mimi, zilizobahatika.

#36 Fundi Chokaa
Umesema bahati, mimi nimesema jiwe. Usinibebee hoja.

#37 Shangazi Brashi
Mwezi na nusu ni mdogo sana, na tempera inaendelea kukomaa miezi. Viache mpaka masika iishe ndo tuongee. Na hicho kiini ulitoa ngozi?

#38 Mchora Ukuta
Kimoja kilipasukia mkononi.

#39 Bint Pugu
Na nikuulize kitu, huo udongo uliuchota pale kwenye michoro? Maana huo ni urithi wa dunia.

#40 Mchora Ukuta
Hapana dada, ni pembeni ya barabara tukiwa tumeshaondoka, gari lilipata pancha. Kule juu hata kugusa hawaruhusu, na mtembeza wageni alilalamika sana kuhusu watu wanaomwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha.

#41 Karanga Mbichi
Kesi ya kinu imeishaje?

#42 Mchora Ukuta
Nimenunua kipya. Cha zamani nimepewa rasmi.

#43 Babu Tale
Nimesoma mrejesho wote. Vipande vitano na hakuna hata kimoja cha damu. Machinjio ya Vingunguti ni hapo tu.